Chuma Kimeungua Tena

"Umeunguza tena!"

Maneno yalijitokeza kwenye kompyuta ya Owuor kwa herufi kubwa. Chini yake moshi mweusi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye tanuri, na ile dirii ya kifuani aliyoifua tangu atoke kazini ilikuwa imegeuka makaa matupu.

"Pole boss," Owuor akaandika haraka. "Nilitoka kidogo tu."

"Chuma hakijui kidogo. Nimekuambia mara ngapi usiache tanuri? Kila jioni, taarifa ya habari ikianza, wewe unapotea. Una ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Kuna mtu lazima nimpigie simu."

"Mwambie huyo mtu angoje chuma kipoe."

Tueleze habari za Owuor mapema, tusije tukamwonea bure. Alikuwa kijana mpole, muuzaji katika duka la mbegu na dawa za mifugo pale Njoro, asiyejua pombe wala ugomvi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: mchezo wa mtandaoni uitwao Ngome Saba, ambamo watu wa kila pembe ya dunia hujipa majina ya bandia, wakapigana na majoka na kutekeana miji. Zamani alikuwa askari humo. Siku hizi alikuwa mwanafunzi wa kufua deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, na humo ndani jina lake lilikuwa Nyuki.

Mwalimu wake alijiita Nyundo. Hakuna fundi mkali kumshinda katika Ngome Saba nzima. Hakuwahi kuwasha maikrofoni hata siku moja. Aliandika tu, kwa Kiswahili kilichonyooka, koma na nukta kila moja mahali pake. Owuor alikuwa na hakika kwamba huyo ni dereva wa lori mstaafu, mwenye kitambi na kiti cha kuzunguka.

"Jumamosi usinitafute," Nyundo akaandika. "Nina wageni."

"Hata mimi siko. Naenda ukweni kujitambulisha. Niombee, boss. Mama ya msichana nasikia ni mkali ile mbaya."

"Usiogope. Ukifika, keti wima, kula kidogo, usijifanye mjuaji. Wazazi hupenda kijana mwenye adabu."

"Asante mzee. Wewe ungekuwa mama mkwe wangu, ningeoa hata kesho."

"Wacha maneno mengi, wewe kichwa cha maharagwe. Anza upya. Na uanze na shingo, si kifua. Shingo ndiyo hukatwa kwanza."

Ijumaa jioni, kabla ya taarifa ya habari, simu ikalia. Alikuwa Nanyama, akipiga kutoka Karagita, alikopanga chumba karibu na shamba la maua alikofanya kazi ya ofisi.

"Sasa babe. Uko ready?"

"Niko ready kabisa. Shati nimepiga pasi. Uncle Odongo ndiye ataongea."

"Sikiza basi. Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe wako na heshima yao. Mama hautampa mkono. Hautaketi naye sebuleni. Atakuwa jikoni, na atakusalimia akiwa huko huko. Na mzaha, Owuor, hata ule mdogo, hakuna."

"Hata kwetu heshima hiyo iko. Nitatulia utadhani niko kanisani."

"Na ile game?"

"Game gani?"

"Owuor."

"Aa, ile! Si nilifuta kitambo."

Alisema hivyo huku akilitazama tanuri likiwaka mbele yake.

"Una uhakika? Maana unajua story yangu. Yule boyfriend wa kwanza, nilivunjika mguu, nikampigia nikiwa hospitali, akaniambia ningoje amalize level. Sikumuona mpaka kesho yake. Mimi siolewi na mtu wa game tena. Nikikupata nayo, hakuna harusi, hakuna kitu."

"Imeisha hiyo, mpenzi. Niamini."

"Nakuamini."

Neno hilo lilimchoma Owuor. Alimpenda Nanyama kwa moyo wote, na mara kadhaa alikuwa amejaribu kumwambia ukweli, lakini kila akikumbuka habari ya ule mguu ulimi ulimganda.

Jumamosi Owuor na uncle yake, Mzee Odongo, wakafika Nakuru, katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, nyumbani kwa Mwalimu Nekesa, mama yake Nanyama. Mwalimu alikuwa mjane, mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na magoti yake yalikuwa yakimsumbua. Sebuleni walipokelewa na Nanyama pamoja na Senge Nelima, yaani shangazi yake kwa Kibukusu, mwanamke mrefu ambaye kazi yake katika ukoo ilikuwa kuhakikisha hakuna mila inayokanyagwa. Kati ya sebule na jikoni palikuwa na pazia la maua.

"Karibuni sana, wageni wetu," sauti ikasema nyuma ya pazia.

"Asante mama," Owuor akajibu, macho sakafuni.

Senge Nelima akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nanyama akatabasamu.

Kisha Mzee Odongo akasimama kuongea. Alianza na kuletwa kwa reli, akaieleza stesheni kwa stesheni, na chai ikiwa bado jikoni alikuwa hajafika hata uhuru. Simu ya Owuor ikatetemeka mfukoni. Alijua si adabu. Lakini aliitoa polepole, akaificha chini ya kitambaa cha kochi, akachungulia. Alikuwa Nyundo, ndani ya Ngome Saba aliyoiweka pia kwenye simu.

"Wageni wangu wananimaliza. Mzee wao hajui kufunga mdomo, na mimi nimesimama kwa magoti haya."

Owuor akabana kicheko. Akaandika kwa kidole kimoja, "Hata huku ni hivyo hivyo! Uncle yangu bado yuko kwa treni."

Ng'aa!

Mlio mkali wa nyundo ikigonga chuma ulisikika jikoni. Owuor aliujua mlio huo. Ndio unaolia katika Ngome Saba mtu akitumiwa ujumbe. Akajiambia pengine ni sufuria.

Ujumbe mwingine ukaingia. "Kijana mwenyewe nimemchungulia. Ana shingo nyembamba mno. Hata deraya ya mtoto itampwaya."

"Hahaha! Mimi mama mkwe bado sijamuona. Amejificha na chai yake, na vile inanuka moshi, nadhani anaunguza kama mimi."

Ng'aa!

"Moshi?" sauti ikauliza nyuma ya pazia, kwa hasira ya wazi.

Jasho jembamba likamtoka Owuor. Mzee Odongo akadhani anaulizwa habari za treni, akaeleza kwamba ndiyo, ilikuwa ya moshi. Owuor akaandika neno moja tu.

"Boss?"

Ng'aa!

 Kisha jibu likaja polepole, likiwa na koma yake.

"Nyuki, umevaa shati la rangi gani?"

"La samawati, boss."

Pazia likasogea upande. Jicho moja likatokea, likalitazama lile shati kutoka kola hadi kifungo cha mwisho.

"Mungu wangu!"

Sufuria ikaanguka, na Mwalimu Nekesa akajitokeza sebuleni, mwiko mkono huu, simu mkono ule.

"Wewe ndiye Nyuki?"

Owuor akaruka kutoka kwenye kochi. "Wewe ndiye Nyundo?"

"Nekesa!" Senge Nelima akapiga ukelele. "Rudi jikoni! Huyo ni mkwe!"

"Mkwe gani? Huyu ameniunguzia chuma tangu nimjue!"

"Chuma gani?" Nanyama akauliza. Alimtazama mama yake, akamtazama Owuor, akaona moshi wa tanuri moja kwenye simu zote mbili. "Mama. Chuma gani?"

Mwalimu akaificha simu nyuma ya mwiko.

"Ni mchezo tu, mwanangu," Mwalimu akasema. "Ngome Saba. Ndugu yako alipoenda chuo aliacha kompyuta, nikawa naifuta vumbi, na..."

"Na ile Bible study ya jioni? Ile tunaambiwa tusikusumbue?"

"Tulikuwa tunaomba pia. Kuna joka moja pale huwezi kuliendea bila maombi."

"Mama!"

"Wenzangu wakistaafu wanafuga kuku. Haya magoti yangu yatafukuza kuku kweli? Huko ndani napanda mlima mbio."

Mzee Odongo akacheka mpaka akakaa chini. Nanyama hakucheka. Alikuwa amemgeukia Owuor, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ulisema ulifuta."

"Nilikudanganya."

"Jana tu nimekuambia nakuamini."

"Najua. Niliogopa kukupoteza."

"Na sasa je?"

 Owuor akainamisha kichwa; hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumu.

"Mzee Odongo, asanteni kwa kuja," Nanyama akasema. "Kunyweni chai, halafu mfike salama."

"Ngoja!" Owuor akainua simu. "Naifuta sasa hivi, mbele ya kila mtu. Na ile ya kompyuta pia nikifika."

"Usiguse!" Mwalimu akafoka. "Jumatatu tuna vita na huna hata kofia ya..." Akakumbuka anaongea na nani, akajiziba mdomo kwa mwiko.

Senge Nelima akafunika uso kwa leso.

Mwalimu Nekesa akavuta pumzi. Akampa Owuor mgongo, heshima isizidi kuharibika, akamshika binti yake mkono.

"Nanyama, nikuulize. Huyu hukupigia simu wakati gani?"

"Jioni. Habari ikianza."

"Siku gani?"

"Kila siku. Tangu tujuane."

"Amewahi kukosa?"

Nanyama akafikiri. "Hajawahi."

"Basi hapo ndipo chuma changu huungulia. Sikiliza. Tanuri likishika moto, fundi haondoki. Nimefundisha watu wengi kule, na hata mtoto akilia chumba cha pili hawainuki. Huyu, habari ikianza, anatupa nyundo anaondoka. Nimemgombeza. Nimemnyima cheo cha ufundi. Nikamwambia huyo mtu angoje. Unajua alinijibu nini? 'Boss, chuma kitapatikana kingine.'"

Nanyama akamtazama Owuor juu ya bega la mama yake.

"Yule wako wa kwanza alikuacha na mguu umevunjika ili amalize," Mwalimu akaendelea. "Huyu hajawahi kumaliza hata dirii moja. Ni fundi mbaya, Nanyama. Mbaya kabisa. Sijawahi kuona mbaya hivi."

"Lakini alinidanganya."

"Alikudanganya. Hata mimi nilikudanganya. Nisamehe, mwanangu. Tulikosa sote wawili."

"Nisamehe," Owuor akasema nyuma yake.

"Na hili la kutaniana?" Senge Nelima akadakia, kwani ya kwake yalikuwa hayajaisha. "Mkwe na mama mkwe! Mmeambiana nini huko?"

"Kidogo tu," Mwalimu akasema.

"Kama nini?"

"Aliniita kichwa cha maharagwe," Owuor akakiri.

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Siku moja nilimwambia apunguze kitambi."

Senge Nelima akashika nguzo ya mlango. Midomo ilimchezacheza, na hakuna aliyejua kama analia au anaomba. Kisha akajiweka sawa.

"Hawakujuana," akatamka. "Mtu hawezi kumvunjia heshima mama mkwe ambaye hajui ni mama mkwe. Hilo limepita. Lakini kuanzia leo mnajuana. Nekesa, rudi nyuma ya pazia. Hamtaongea tena moja kwa moja, wala kuandikiana. Neno lolote kati yenu, hata hayo ya chuma, litapitia kwa Nanyama."

"Kwangu?" Nanyama akashtuka. "Senge, mimi hiyo game siitaki hata kuisikia!"

"Basi kama humtaki kijana, hakuna kazi. Sema tu, wageni wainuke."

Mwalimu alikuwa amesharudi jikoni. Nanyama akabaki amesimama mlangoni pa jikoni, bega moja likigusa pazia, Owuor mbele yake.

"Nanyama," mama yake akaita.

"Ee, mama."

"Muulize kijana kama bado anataka kujifunza."

Nanyama akafuta machozi kwa kiganja. "Mama anauliza kama bado unataka kujifunza."

"Mwambie mama naacha leo, binti yake akisema niache."

"Mama, anasema ataacha nikisema."

"Nawe unasemaje?"

Nanyama akamtazama Owuor, shati lake la samawati limelowa jasho, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Bado alikuwa amekasirika. Lakini alijua pia kwamba ikifika jioni angeitazama simu yake akingoja ilie, na kwamba isingelia, angeumia kuliko alivyoumia siku ya mguu.

"Asiache," akasema. "Aunguze tu hivyo hivyo. Lakini siku akinidanganya tena, hata kwa jambo dogo, nitamwacha na sitageuka nyuma. Mama, mwambie hivyo. Na umwambie nimekubali."

Wakangoja. Pazia halikutikisika.

"Mama, si umwambie?"

"Sina ruhusa ya kusema naye," Mwalimu Nekesa akajibu. "Mwambie mwenyewe."

Mzee Odongo akaanza kucheka tena, na safari hii hata Senge Nelima alishindwa kujizuia. Nanyama akatoka mlangoni, akavuka sebule, akaketi kwenye kochi kando ya Owuor.

"Nimekubali," akamwambia. "Umesikia lakini?"

"Nimesikia," Owuor akasema, akamshika mkono mbele ya wote.