Nimekwenda, Hajambo

Kazini waliniita Ratiba, na jina hilo nililipenda. Nilikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha uchapaji, na simu yangu ilikuwa na programu ya kila kitu. Moja iliniamsha, moja iliwasha taa za nyumbani kabla sijafika, nyingine ilinikumbusha kunywa maji kama mtoto. Nilitamba kwamba kichwa changu sasa ni cha kufugia nywele tu.

Na moja ilimsalimia mama yangu.

Nalisema hili uso umenishuka. Mama alikuwa mkunga mstaafu, macho yamefifia, anaishi peke yake, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Nilirekodi sauti yangu mara moja tu: “Shikamoo mama, nakuja kukuona jioni hii.” Programu ikawa inaituma kila siku saa kumi. Majibu yakiingia, inayatia kwenye folda yake ili yasinisumbue. Miezi mitatu sikuifungua folda ile.

Na jioni hizo zote, sikwenda hata moja.

Siku moja programu ya duka la dawa ikashindwa kuipata nyumba ya mama. Ikabidi nipeleke dawa yake ya macho mwenyewe. Nilifika jua likizama, nikakuta taa inawaka ndani. Nikashangaa, maana mama alikwisha kuacha kuwasha taa.

Nikamsikia anacheka.

Kisha sauti ya mwanamume ikamjibu, kwa upole... Maneno sikuyashika. Ila sauti niliijua.

Ilikuwa yangu.

Nikabisha hodi. Ndani pakawa kimya. Chini ya mlango ikapenya harufu ya wino mbichi wa kuchapia. Nikanusa viganja vyangu. Vilinuka sabuni.

Mama alifungua. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akanipapasa uso kwa vidole, polepole, kama mkunga anavyompapasa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akaondoa mkono.

“Umekosea nyumba, baba,” alisema taratibu. “Mwanangu yuko ndani.”

Niliingia. Hapakuwa na mtu. Mezani vikombe viwili, vyote vinatoa mvuke. Dirisha nililoahidi kulitengeneza tangu mwaka juzi lilikuwa limetengenezwa. Kucha za mama zilikuwa zimekatwa vizuri. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, unacheza, na nje upepo hakuna.

Nilimuuliza kuhusu salamu zangu za kila siku. Akasema hajapata salamu yoyote. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji zaidi ya miezi mitatu iliyopita, ikafa, na tangu hapo iko kwenye droo. Niliitoa mwenyewe. Ilikuwa imeota kutu.

Lakini folda ile ilikuwa ikijaa kila siku. Sasa nani alikuwa akijibu?

Nilitoka nje. Jirani yake, fundi viatu, alikuwa anakusanya vifaa vyake. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba ananiona nikija kila jioni, na imemuuma kwamba sijamsalimia hata siku moja.

“Halafu unakuja pekupeku,” akasema. “Mimi miguu ndiyo naangalia kwanza.”

Nikafungua folda pale pale. Majibu yote yalitoka namba ya mama.

Nimekwenda. Hajambo.

Nimekwenda. Nimemkata kucha.

Nimekwenda. Amelia kwamba umemsahau. Nimembembeleza.

Nimekwenda. Ameniuliza jina alilokuwa akikuita utotoni. Nimemwambia.

Jina hilo tulilijua watu watatu. Mimi, mama, na baba aliyekwisha kufariki.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa umeingia dakika nne tu zilizopita.

Leo umenikatiza. Kesho utakwenda wewe, au niende?

Nilifuta programu ile, nikafuta na nyingine zote. Simu nikaiuza. Rafiki yangu fundi wa simu alisema huenda laini ya mama ilipewa mtu mwingine, mtu huyo akaamua kunichezea. Nilitaka sana kumwamini. Lakini mtu wa kuchezea watu hatengenezi dirisha.

Siku hizi nakwenda kila jioni. Nafagia, napika, namtia dawa ya macho. Mama ananipokea vizuri, anashukuru, kama anavyomshukuru mgeni. Nilimtajia lile jina la utotoni nikidhani litamrudisha kwangu. Akasema kwamba hata mwenzangu aliyenitangulia alilijua.

Jana nilimaliza kazi, nikainuka niende zangu. Nilikuwa nimechoka, na sitadanganya, nilikuwa na hamu ya kuondoka.

“Mwenzako alikuwa anakaa mpaka nipate usingizi,” mama alisema. Hakulalamika. Alisema tu.

Nikaketi tena, kichwa chini.

Ndipo tukasikia hatua nyuma ya nyumba. Zikaja mpaka mlangoni... zikasimama. Hapakubishwa hodi.

Mama aligeuza uso upande ule akatabasamu. Tabasamu hilo mimi sijapewa tangu nianze kuja.

“Mfungulie,” alininong'oneza. “Amesubiri siku nyingi.”

Nilimshika mkono, nikaukaza. Akaanza kuuchomoa, kidole kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni.