Mkono Ndani ya Bweni la Zamani

Haya yalimkuta rafiki yangu Lusia, au Mama Davis kama wengi wanavyomwita, mlezi katika shule ya bweni karibu na Kharumwa, inayopokea mabinti waliozama kwenye ulevi wa machimboni.

Jioni moja ya mvua alikwenda kuchukua blanketi kwenye bweni la zamani, ambalo siku hizi ni stoo. Moyo wake ulikuwa mzito, kwani binti mmoja, Limi, alitoroka jana yake, na Masalu, dereva wa shule, alikuwa bado anamtafuta. Umeme ulikatika, na madirisha yote yalishapigiliwa mabati. Lusia akaingia akipapasa ukuta. Kule mwisho akasikia mtu akikohoa, kikohozi kikavu cha watu wanaoponda mawe ya dhahabu.

"Limi? Toka, mwanangu. Hakuna atakayekuchapa."

Mara miguu mitupu ikaburuzika sakafuni ikimjia, na mkono mdogo wa baridi ukaushika wake. Nusura alie kwa furaha.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Twende ukaote moto."

Wakaanza kurudi polepole, maana binti alikuwa anachechemea. Hawajaufikia mlango, simu ya Lusia, iliyokufa kioo na isiyotoa mwanga, ikaita, akaipokea kwa kubahatisha. Alikuwa Masalu.

"Mama Davis, tumshukuru Mungu! Limi nimempata stendi ya Kahama. Yuko hapa na mimi, anakula chipsi."

Pembeni ya Lusia gizani, ule mkono ukambana vidole, na sauti ya kitoto ikauliza taratibu, "Na mimi je, Mama Davis? Mimi nani ananitafuta?"