Alama ya Sikio la Kulia

Kazi ya Tereza kila baada ya siku chache ilikuwa kuhamisha zizi. Mumewe alipofariki, shemeji yake Nathanaeli, mtu mwenye roho ya kwa nini, alimgawia shamba lililotelekezwa tangu enzi za babu, kule Mlali, udongo wake mgumu kama sakafu. Alitamka mbele ya ukoo: likiota majani lote kabla mvua hazijaisha, ni la Tereza. Lisipoota, yeye atawachukua mbuzi na kondoo wote wa Tereza, na mjane arudi kwao.

Tereza alianza kazi. Aliwalaza mifugo ndani ya uzio wa miiba, kipande baada ya kipande. Kwato zilivunja ardhi, samadi ikalala, mvua ikanyesha, majani yakatoka. Nathanaeli akawa anapita anatema mate.

Kikabaki kipara kimoja, penye kifusi cha tembe la zamani, nyumba ya udongo yenye zizi uani.

Jirani yake, Bibi Loisi, alimvuta pembeni. "Hapo ndipo lilipokuwa zizi la babu yao akina Nathanaeli," alinong'ona. "Na walimzika humohumo. Usimlazie mifugo juu yake, mwanangu."

Tereza aliogopa, lakini mvua zilikuwa zinaisha. Jioni akawafungia pale.

Asubuhi hakusikia mlio. Hata vitoto vya mbuzi vilinyamaza. Wote wamesimama, wakitazama chini.

Akamshika beberu. Mifugo wa Tereza wana alama ya pengo dogo kwenye sikio la kushoto. Pengo limeziba. Sikio la kulia limepasuliwa katikati. Hakuna damu. Ni kovu kavu, la miaka mingi. Akamshika kondoo. Vilevile. Wote vilevile.

Akafungua uzio. Hakutoka hata mmoja. Akawaita. Kimya.

Kisha mluzi. Mfupi. Ulitoka chini, kwenye udongo. Mifugo wote wakageuka, wakamkodolea macho.

Nathanaeli alipokuja alisimama nje ya uzio. Alipoyaona yale masikio, alirudi nyuma hatua mbili.

"Alama ya babu," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua shamba, shemeji. Mimi silitaki tena."

Tereza alifurahi, tena bila aibu. Alasiri alikaa mlangoni kwake, binti yake Jenifa akimsuka. Vidole vya Jenifa vikasita penye sikio la kulia.

"Mama, hili kovu ulilipata lini?"

Tereza akaligusa. Sikio lilikuwa limepasuliwa katikati, kovu limekauka.

Kutoka shambani ukaja mluzi. Mfupi. Tereza akainuka, nywele nusu zimesukwa, akaenda zizini.