Noti Iliyokunywa Maji

Yowe la Bibi Pelagia lilisikika Heru Juu nzima, asubuhi ya Jumatatu moja, Julai 1975. Noti ya rupia ya Mjerumani, ujira wa marehemu baba yake aliyebebeshwa mizigo ya vita, ilikuwa si yenyewe. Kila msimu wa asali huitoa kwenye tete iliyochomekwa darini, akaipaka nta mchwa wasiile, akairudisha. Safari hii alipoisugua, rangi ilibaki kidoleni.

Majirani wakamzingira Niyibizi, kijana mkimbizi aliyekuwa akiishi kwa Bibi tangu vita vya Burundi. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Kipriani, mtoto wa kaka yake Pelagia, fundi cherehani wa sokoni Kasulu.

"Mkimbizi kaibadilisha! Arudishwe kwao leo leo!"

Kumrudisha kwao kulikuwa kumpeleka kaburini, kila mtu alijua. Bibi Pelagia alilia tu, hakumtetea.

Ndipo akaja Sajini Adija wa polisi. Jamani, mwanamke yule acheni tu! Hakupandisha sauti hata kwa mbuzi, na wezi walimwogopa hadi Kibondo. Aliilamba noti kwa ncha ya ulimi.

"Kahawa," akasema. "Hii ni picha ya kitabuni, imechovywa ionekane kuukuu." Akaidondoshea tone la maji. Karatasi ikalinywa papo hapo. "Bibi, ya kwako ingekunywa?"

"Thubutu! Imejaa nta miaka yote ile. Maji huteleza."

"Nani anajua habari ya nta?"

"Mimi na Niyibizi. Ndiye anayenirinia asali. Wengine wanajua inakaa darini, basi."

"Basi Niyibizi angeghushi, asingesahau nta." Adija akafikiri kidogo. Aliyeiba aliikuta imejiviringa ndani ya tete, na mnunuzi wa vitu vya kale hutaka noti iliyonyooka. "Fundi Kipriani, sare yangu ya akiba imekunjamana. Twende ukanipigie pasi."

Dukani Kasulu, Kipriani alitia mkaa kwenye pasi. Kabla hajatandika sare, Adija alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya blanketi la kupigia pasi, kama mafundi wafanyavyo. Blanketi lilinywa maji kote, isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa noti. Hapo matone yalisimama.

"Ni... ni mafuta ya taa, Afande."

"Mafuta gani yenye kona nne?" Akakwaruza kwa ukucha, akanusa. "Nta ya nyuki. Uliinyoosha hapa, joto likaiyeyusha."

Kipriani akakaa chini, akaeleza yote. Mzungu mmoja mjenzi wa barabara alimwahidi baiskeli kwa noti halisi, naye Kipriani akakata picha ya noti kitabuni akaiweka badala yake. Rupia yenyewe ilitoka ndani ya droo ya cherehani.

"Na yule kijana ungemwacha akafe?"

"Ni mkimbizi tu, Afande."

Kumbe hata Adija hukasirika! Alimrudisha Heru Juu kwa pingu, naye Kipriani akakiri mbele ya wote. Niyibizi alikuwa amekwishafunga mzigo wake.

"Shangazi, mimi ni damu yako!" Kipriani akalia.

Bibi Pelagia akampita bila kumtazama, akaenda kuukalia mzigo wa Niyibizi.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilinyamaza. Sitoki hapa mpaka useme unabaki."

Niyibizi akamshika mkono.

"Inuka basi, mama," akasema. "Umekalia sufuria, na maharage hayajapikwa."