Harufu ya Kasiksi

Muzee Adalbert hakuwahi kuonja pombe maishani. Majirani zake wa mtaa wa Kadutu walimtania kwamba hata chupa tupu ilimkwepa njiani. Jumapili asubuhi aliinama kumwamsha mjukuu wake, Chancelle, wa miaka kumi na miwili. Kinywani mwa mtoto akasikia harufu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Akakasirika sana, maana jana yake mtoto alikuwa harusini.

"Nani alikupatia pombe?"

"Tate, sikukunywa pombe. Nilikunywa maji tu. Tumbo inaniuma."

"Lala. Pombe ikikutoka, tutaongea."

Akavaa koti la kanisani. Mlangoni aligeuka. Chancelle alikuwa anahema kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima, na bado amelala. Akamwita. Mtoto hakujibu.

Mama wa mtoto alikuwa mbali, Shabunda, kikazi. Mtoto alikuwa mikononi mwa muzee. Akamwita jirani yake muuguzi, Maman Pascaline.

"Anakunywaka maji mingi? Anakojoa sana? Amekonda?" Pascaline aliuliza.

"Sasa wiki mbili. Nilizani anakomaa."

Pascaline akamtoboa mtoto kidole, akapima damu. "Ni sukari, muzee. Iko juu sana."

"Sukari? Hata mimi niko nayo. Tumupe kidonge yangu."

"Hapana. Yako ni aina ya pili. Mwili yako ingali inatengeneza insulini, lakini haiitumie muzuri. Vidonge na kutembea vinakusaidia. Yake naona ni aina ya kwanza: insulini imeisha. Mwili inachoma mafuta, na sumu yake ndiyo inanuka kama kasiksi kinywani. Akikawia, atakufa. Twende hospitali sasa."

Muzee alimbeba mgongoni, wakashuka kinjia hadi barabarani kutafuta taksi. Pumzi ile ilimpiga shingoni. Aliogopa kuisikia, akaogopa zaidi isije ikakoma.

Hospitalini walimtundikia mtoto maji, wakampa insulini. Siku ya tatu akaomba chakula. Daktari aliwaonya: sindano ni za kila siku, maisha yote, hata akiugua ugonjwa mwingine.

Siku hizi muzee na mjukuu hukaa mezani pamoja, yeye na kidonge chake, mtoto na sindano yake. Chancelle amenenepa, anasoma vizuri. Kabla ya kwenda shule humpumulia babu yake usoni.

"Tate, unasikia kasiksi?"

"Hapana, mutoto wangu. Pumua tena."

Mtoto hucheka. Muzee hacheki, hunusa tena.