Aliyembebea Kumbukumbu

Chumba cha daktari kilinuka nywele zilizoungua, na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Daktari wa akili alifungua dirisha, akaendelea na kazi. Foleni ilikuwa ndefu, na desturi ya kliniki ile ilikuwa moja: historia ya mgonjwa hutolewa na aliyemleta.

Mgonjwa wa sasa alikuwa binti, na aliyemleta alikuwa mjomba wake, mtu wa maneno matamu.

"Ana watu wengi ndani yake, daktari. Leo mpole, kesho anafoka kama dume. Mama yake alikufa kwa moto, huyu akiwa shuleni. Mimi ndiye niliyemlea."

"Utotoni hakupatwa na lolote la kumtisha?"

"Hata kidogo."

Daktari akaandika hivyo hivyo. Binti alikuwa ameketi palepale, wala hakuulizwa. Kusoma nako kuna upofu wake.

Mjomba alipotoka kusubiri nje, binti aliinua uso. Ikatoka sauti nzito ya mzee, na midomo haikutikisika.

"Umemuuliza fisi habari za mbuzi."

"Wewe nani?" daktari alinong'ona.

"Jini. Nilimwingia siku ile ya moto. Hakuwa shuleni. Alikuwa uani, anamtazama mjomba wake akimfungia mama yake mlango kwa nje. Mtoto wa miaka sita! Nikambebea yote ili apate kulala."

Daktari alifundishwa kwamba nafsi za namna hii, zinazozuka ndani ya mgonjwa, hutunga visa. Nywele zilimsimama, lakini akashikilia alichofundishwa.

"Toka. Nataka kuzungumza na mwenyewe."

"Nikitoka, atabaki na haya peke yake. Mwonee huruma."

"Nimesema toka!"

Dirisha likajifunga kwa kishindo, harufu ikazidi hadi machozi yakamtoka daktari, na kutoka ukutani, ambako hapakuwa na chumba kingine, akasikia mwanamke anakohoa, anagonga, anaita jina la mwanawe, anagonga tena, polepole, polepole zaidi, mpaka kukawa kimya na binti akaporomoka sakafuni.

Alipofumbua macho, sauti yake ilikuwa ya kitoto.

"Mjomba, fungua! Mama yumo ndani!"

Akaupiga ukuta kwa ngumi mpaka damu ikamtoka. Daktari alimkumbatia, akalia kwa uchungu na aibu.

"Rudi," alimsihi jini. "Tafadhali, rudi umsaidie."

Binti akazidi kumwita mama yake. Mlango ukafunguka, mjomba akaingia, akaufunga taratibu nyuma yake.

"Amekumbuka nini, daktari?" aliuliza kwa upole.