Maziwa ya Kiuu Yaliyokosekana Kwenye Chati

Wanja na mumewe Simeon wanaishi Ruiru. Wana maduka matatu ya maziwa, yogati na mala, yaani maziwa ya mgando: Witeithie, Kamakis na Kiuu. Kila jioni wauzaji hupiga simu nyumbani kusema wameuza lita ngapi. Anayeshika simu ndiye anayeandika hesabu kwenye jedwali la kompyuta. Mara nyingi ni binti yao, Tabby. Wazazi wake nao huandika, ila kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe hakina haraka.

Jumatatu moja Tabby alichora chati ya mauzo ya mwezi uliopita. Ilikuwa duara lililokatwa vipande vitatu, kimoja kwa kila duka. Kipande cha Kiuu kilikuwa chembamba sana.

"Hiki hata mtoto hashibi," Simeon akasema.

Wanja hakucheka. "Basi Kiuu tunafunga. Kesho nitamwambia Jentrix."

Jentrix ndiye muuzaji wa Kiuu. Alitoka Bungoma, na kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wake wawili. Alipoambiwa kwamba duka litafungwa mwisho wa mwezi, alisema tu, "Sawa, mama." Kisha akaendelea kusugua mtungi uliokuwa umeshatakata.

Jioni hiyo jirani yao Naliaka alipita kuwasalimia. Yeye hupanga data katika kiwanda kimoja cha Thika. Tabby akamwonyesha chati yake kwa maringo kidogo.

"Hii chapati ni safi," Naliaka akasema. "Lakini ina ujanja. Duara huonekana zima kila wakati, hata kama unga mwingine uliuacha kwenye pakiti. Mama Tabby, mwezi uliopita mlipeleka lita ngapi madukani?"

"Kama elfu tisa."

"Na vipande hivi vyote ni elfu saba. Zingine ziko wapi?"

"Labda Jentrix anaoga nazo," Simeon akasema. Wanja alimtazama, naye akarudi kwenye chai yake.

Naliaka alifungua jedwali. Siku ambazo Wanja alishika simu, aliandika "Kiuu". Simeon, ambaye kwake upande ule wote ni Githurai, aliandika "Githurai". Tabby aliandika "Kwa Jentrix". Chati ilikuwa imehesabu "Kiuu" pekee.

Wanja akawageukia mumewe na binti yake. "Kwani nyinyi hamjui duka liko wapi?"

"Tunajua," Simeon akajibu. "Ndiyo maana maziwa hufika."

"Kompyuta ndiyo haijui," Naliaka akasema. "Kwake hayo ni maduka matatu tofauti."

Akachukua karatasi, akachora mraba katikati. "Hapa tunaweka mauzo pekee. Kila mstari ni siku moja, duka moja, bidhaa moja. Unaandika tarehe, namba ya duka, namba ya bidhaa na lita. Basi."

"Na jina la duka?" Tabby akauliza.

Naliaka akachora miraba mitatu pembeni. "Hili ni jedwali la maduka. Kila duka lina namba moja, jina moja, mtaa na muuzaji. Hili ni la bidhaa: maziwa freshi, mala, yogati. Na hili ni la tarehe: siku ya wiki, mwezi, sikukuu." Akaunganisha kila mraba na ule wa katikati.

"Inakaa kama nyota," Tabby akasema.

"Na tunauita hivyo, mpangilio wa nyota. Katikati ni kilichotokea. Pembeni ni wapi, nini na lini."

"Na mimi nikitaka kuandika Githurai?" Simeon akauliza.

"Huandiki, Baba Tabby. Unachagua duka kwenye orodha."

"Haiya. Mmeninyima uhuru nyumbani kwangu."

Tabby alipanga data upya. Safari hii alichora nguzo, kwa sababu nguzo hulinganisha maduka vizuri zaidi. Pia alihakikisha jumla yake inalingana na maziwa yaliyopelekwa. Nguzo ya Kiuu ilipita ya Kamakis.

Wanja hakupiga simu. Alienda Kiuu mwenyewe.

"Tulikosea hesabu, Jentrix. Duka halifungwi."

Jentrix aliweka chini kikombe cha kupimia maziwa. "Nilikuwa nimeshamwambia landilodi nahama."

"Twende tumwambie pamoja. Lakini kwanza nisaidie." Wanja akamwonyesha chati nyingine kwenye simu, mstari unaopanda na kushuka siku baada ya siku. "Mauzo ya mala yako huanguka Jumapili. Kwani hawaipendi?"

"Wanaipenda, mama. Jumapili huletewa mtungi mmoja tu, si miwili kama siku nyingine, nao huisha mapema. Wanaotoka kanisani hunikuta na mtungi mtupu."

Wanja aliutazama mstari tena. Ulimwonyesha siku, lakini sababu alikuwa nayo Jentrix.

Jumapili iliyofuata waliongeza mtungi wa pili wa mala. Ibada ilipoisha, foleni ilifika mpaka kwa kinyozi, na Jentrix hakupata nafasi ya kukaa chini.